Labrador na njaa isiyokwisha: Jinsi ya kumrejesha mbwa mnene kwenye uzito wa afya

Nchini Marekani, uchunguzi wa mwaka 2022 wa shirika la Association for Pet Obesity Prevention ulibaini kuwa asilimia 59 ya mbwa waliotathminiwa walikuwa na uzito uliopita kiasi au walikuwa wanene kupindukia. Madaktari wa mifugo nchini Uingereza nao wamekuwa wakitoa tahadhari kama hiyo kwa miaka mingi, hasa kuhusu mbwa wa aina ya Labrador, ambaye ni miongoni mwa mbwa wanaopendwa zaidi katika nchi zote mbili.

Wengi wa mbwa hao hawakunenepa kwa sababu ya uzembe au ukatili. Walinenepa mikononi mwa watu wanaowapenda, ambao huona vigumu kumnyima chakula mnyama anayewakodolea macho ya kuomba. Hata hivyo, utafiti wa miaka zaidi ya 20 iliyopita unaonyesha kuwa huruma hiyo ina gharama: humpunguzia mbwa miaka ya kuishi, na humwongezea maumivu katika ile iliyobaki.

Makala haya yanaeleza jinsi unene wa mbwa unavyotambuliwa, kwa nini baadhi ya mbwa huwa na njaa kuliko wengine, na hatua ambazo madaktari hupendekeza ili kumpunguza uzito kwa usalama.

Unene wa mbwa hutambuliwaje?

Mizani peke yake haitoshi. Kilo 30 zinaweza kuwa uzito mzuri kwa Labrador mmoja na uzito uliozidi kwa mwingine mwenye umbo dogo. Kwa sababu hiyo, madaktari hutumia pia kipimo cha hali ya mwili chenye daraja 1 hadi 9. Daraja la 1 ni mbwa aliyekonda mno, la 9 ni mnene kupindukia, na daraja la 4 au la 5 ndilo linalohesabiwa kuwa la afya kwa mbwa wengi.

Kipimo hiki hufanywa kwa macho na mikono, na mwenye mbwa anaweza kujifunza kukitumia nyumbani. Mambo matatu huangaliwa.

La kwanza ni mbavu. Mtu anapopitisha viganja vyake ubavuni mwa mbwa bila kukandamiza, anapaswa kuzihisi mbavu kwa urahisi chini ya tabaka jembamba la mafuta. Ikiwa inambidi abonyeze ili azipate, mafuta yamezidi.

La pili ni kiuno. Mbwa akitazamwa kutoka juu, mwili wake unapaswa kubonyea ndani kidogo nyuma ya mbavu. Mgongo ulionyooka kama meza, au uliotanuka pembeni, ni dalili ya unene.

La tatu ni tumbo. Mbwa akitazamwa kutoka ubavuni, mstari wa tumbo unapaswa kupanda kuelekea miguu ya nyuma badala ya kulala sambamba na ardhi au kuning'inia.

Kila daraja juu ya la 5 hukadiriwa kuwa sawa na ongezeko la asilimia 10 hadi 15 juu ya uzito unaofaa. Mbwa wenye manyoya marefu huhitaji kupapaswa zaidi kuliko kutazamwa, kwa kuwa manyoya huficha umbo.

Ugumu uliopo ni kwamba macho huzoea. Pale ambapo mbwa wengi wa mtaa ni wanene, yule mwenye uzito wa afya huonekana kana kwamba anateswa kwa njaa, na mwenye mbwa aliyezidi kilo tano haoni kasoro yoyote.

Kilo chache zinaweza kuleta madhara gani?

Ushahidi unaotajwa mara nyingi zaidi unatokana na utafiti uliofanywa nchini Marekani na kampuni ya chakula cha mifugo ya Purina, uliochapishwa mwaka 2002. Watafiti waliwafuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador, tangu wakiwa wadogo hadi kufa kwao. Mbwa hao waliwekwa wawiliwawili kutoka katika uzao mmoja. Katika kila jozi, mmoja alipewa asilimia 25 pungufu ya chakula alichokula mwenzake.

Nusu ya mbwa waliokula zaidi walikuwa wamekufa kufikia umri wa miaka 11.2. Kwa wale waliokula pungufu, umri huo ulikuwa miaka 13. Tofauti ni karibu miaka miwili. Zaidi ya hayo, ugonjwa wa kulika kwa viungo uliwachelewa mbwa wembamba. Inafaa kukumbuka kuwa mbwa waliokula zaidi hawakuwa wanene wa kutisha. Walikuwa na uzito ambao ungeonekana wa kawaida katika nyumba nyingi.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2019, ambao ulihusisha kumbukumbu za mbwa zaidi ya 50,000 wa aina 12 nchini Marekani, ulifikia hitimisho la namna hiyo hiyo. Katika aina zote 12, mbwa wenye uzito uliozidi waliishi muda mfupi zaidi. Pengo lilikuwa miezi mitano kwa madume wa German Shepherd, na lilifika miaka miwili na nusu kwa madume wa Yorkshire Terrier.

Unene huhusishwa pia na ugonjwa wa viungo, shida ya kupumua, kuvimba kwa kongosho, baadhi ya matatizo ya njia ya mkojo, na hatari kubwa zaidi wakati mbwa anapopewa dawa ya usingizi kwa ajili ya upasuaji. Mbwa wenye pua fupi, kama vile Bulldog na Pug, wapo katika hatari ya pekee kwa sababu njia zao za hewa ni finyu tangu kuzaliwa, na siku ya joto kali inaweza kuwaua.

Kwa nini Labrador?

Wenye mbwa wa aina hii wamesema kwa muda mrefu kuwa Labrador hashibi. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakiongozwa na daktari wa mifugo Eleanor Raffan, walionyesha kuwa kuna ukweli katika usemi huo. Takriban robo ya Labrador waliopimwa walikuwa na hitilafu katika jeni iitwayo POMC, ambayo husaidia ubongo kutambua kuwa mwili una akiba ya kutosha ya mafuta. Kila nakala ya hitilafu hiyo ilihusishwa na ongezeko la karibu kilo mbili. Hitilafu hiyo hiyo ilipatikana kwa Flat-Coated Retriever, aina iliyo na undugu wa karibu na Labrador.

Jambo lililowashangaza watafiti ni kwamba miongoni mwa Labrador wanaofunzwa kuwasaidia watu wenye ulemavu, karibu robo tatu walikuwa na hitilafu hiyo. Maelezo yanayotolewa ni kuwa mafunzo hayo hutegemea zawadi za chakula, na mbwa mwenye njaa zaidi hujifunza kwa bidii zaidi. Kwa hiyo, sifa inayomfanya awe mwanafunzi mzuri ndiyo pia inayomwelekeza kwenye unene.

Mwaka 2024 kundi hilo lilichapisha matokeo mapya. Mbwa walipewa kifungua kinywa na, saa tatu baadaye, wakaonyeshwa soseji iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha plastiki kinachopitisha mwanga. Waliweza kuiona na kuinusa, lakini hawakuweza kuila. Wale wenye hitilafu ya POMC walihangaika zaidi kuipata. Kwa maneno mengine, hawakuhitaji chakula kingi zaidi ili kushiba, bali njaa iliwarudia upesi kati ya mlo na mlo. Ilibainika pia kuwa miili yao ilitumia nishati pungufu kwa takriban asilimia 25 wakiwa wamepumzika.

Utafiti mwingine wa Cambridge wa mwaka 2025 ulitaja jeni nyingine, DENND1B, ambayo ipo pia kwa binadamu. Hata hivyo, watafiti waligundua kuwa mbwa mwenye hatari kubwa ya kurithi anaweza kubaki na uzito mzuri iwapo mlo na mazoezi yake vitasimamiwa kwa makini. Tofauti ni kwamba mwenye mbwa huyo atalazimika kufanya kazi kubwa kuliko jirani yake.

Kurithi si sababu pekee. Mbwa aliyehasiwa au kufungwa kizazi huhitaji chakula kidogo kuliko awali, ilhali hamu yake ya kula huongezeka. Umri mkubwa hupunguza mwendo. Tabia za nyumbani nazo zina uzito wake: utafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, nchini Denmark, ulionyesha kuwa mbwa wa watu wenye uzito uliozidi walikuwa na uwezekano zaidi ya maradufu wa kuwa wanene, na desturi ya kutoa vitafunio ilitajwa kuwa sehemu ya maelezo.

Hatua ya kwanza: Daktari wa mifugo

Kabla ya kupunguza chakula, mbwa anapaswa kuchunguzwa. Baadhi ya magonjwa huleta unene au hufanana nao. Tezi ya thairoidi inapodhoofika, mbwa huwa mzito, mchovu, na manyoya yake hupukutika. Katika ugonjwa wa Cushing, mwili huzalisha homoni ya kotisoli kupita kiasi. Mbwa hunywa maji mengi, hukojoa mara kwa mara, hula kwa pupa na tumbo lake hutuna. Dawa za jamii ya steroidi, na baadhi ya dawa za kifafa, huongeza njaa.

Daktari pia ndiye anayekadiria uzito wa kufikiwa. Tarakimu hiyo ni muhimu kwa sababu hesabu nzima ya chakula huanzia hapo, na si kwenye uzito ambao mbwa anao sasa.

Hesabu ya chakula

Fomula inayotumiwa na madaktari huchukua uzito unaolengwa katika kilo, huuinua kwa kipeo cha 0.75, kisha huzidisha kwa 70. Jibu ni idadi ya kalori ambazo mwili huhitaji kwa siku ukiwa umepumzika, na mara nyingi ndiyo huwa kianzio cha mpango wa kupunguza uzito.

Kwa mfano, Labrador mwenye kilo 36 ambaye uzito wake unaofaa ni kilo 30 angeanza na takriban kalori 900 kwa siku. Ikiwa kalori 90 zitatengwa kwa ajili ya vitafunio, zinabaki 810. Chakula kikavu chenye kalori 300 katika kila gramu 100 kingempa gramu 270 kwa siku, zikigawanywa katika milo miwili au mitatu.

Kasi inayopendekezwa kwa kawaida haizidi asilimia 2 ya uzito wa mwili kwa wiki. Kwa kasi ya asilimia 1, mbwa huyo wa kilo 36 angepungua gramu 360 wiki ya kwanza, na angefika kilo 30 baada ya wiki 18 hivi. Kupungua haraka kupita kiasi humla misuli, na mbwa aliyepoteza misuli hunenepa tena kwa urahisi.

Madaktari huonya dhidi ya kukata nusu ya chakula cha kawaida kwa uamuzi wa ghafla. Chakula cha kawaida kimetengenezwa ili kitoe protini, vitamini na madini ya kutosha katika kiasi kilichoandikwa kwenye mfuko. Kikipunguzwa sana, virutubisho hivyo navyo hupungua. Ndiyo maana vipo vyakula maalumu vya kupunguza uzito, vyenye protini na nyuzinyuzi nyingi na kalori chache.

Katika nyumba ambazo mbwa hulishwa ugali, wali na mabaki ya nyama, hakuna mfuko wenye maelezo ya kalori. Huko, njia ya busara ni kupima kile anachokula sasa kwa muda wa wiki moja, kuondoa kwanza mafuta na ngozi za nyama, kisha kumwonyesha daktari orodha hiyo ili asaidie kupanga kiasi kipya. Mlo wa nafaka pekee hushibisha, lakini haumpi mbwa protini anayoihitaji ili kulinda misuli.

Mizani badala ya kikombe

Kosa la kawaida ni kupima chakula kikavu kwa kikombe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, nchini Canada, uliochapishwa mwaka 2019, uliwataka wenye mbwa wapime kiasi fulani kwa vikombe na vyombo mbalimbali. Makosa yalianzia upungufu wa asilimia 48 hadi ziada ya asilimia 152. Kiasi kidogo ndicho kilichokosewa zaidi, jambo linalomaanisha kuwa mbwa wadogo ndio wanaoumia.

Mizani ya jikoni huondoa tatizo hilo. Chakula cha siku nzima kinaweza kupimwa asubuhi na kuwekwa katika chombo kimoja. Kila kinachotolewa siku hiyo, iwe mlo au zawadi, hutoka humo, na chombo kikiwa kitupu, siku imekwisha. Utaratibu huu husaidia hasa katika nyumba yenye watu wengi, ambako mtoto, bibi na mfanyakazi wa nyumbani kila mmoja humpa mbwa kidogo bila kujua kuwa mwenzake ameshampa.

Vitafunio na macho ya kuomba

Kanuni inayokubalika na wataalamu wengi ni kwamba vitafunio visizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Kiwango hicho hufikiwa upesi. Kipande cha jibini cha gramu 30 kina kalori zipatazo 120. Kwa mbwa mdogo anayelenga kilo 5, ambaye mgawo wake wa siku ni takriban kalori 235, kipande hicho ni nusu ya chakula cha siku nzima. Haba na haba hujaza kibaba.

Vipande vya karoti, tango au maharage mabichi ya kijani vinaweza kuchukua nafasi ya biskuti. Si kila kitu cha mezani kinafaa, hata kikiwa na kalori chache. Zabibu mbichi na kavu, vitunguu, chokoleti, karanga za makadamia na bidhaa zenye sukari mbadala ya zailito ni sumu kwa mbwa, na mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali.

Mbwa akiomba, si lazima awe anataka chakula. Wengi hutaka kuangaliwa, na wamejifunza kuwa chakula ndilo jibu wanalopewa. Mchezo mfupi, kupigwa brashi au matembezi ya dakika chache huweza kutosheleza haja hiyo. Kwa yule mwenye njaa ya kweli, kugawa chakula katika milo midogo zaidi husaidia, vivyo hivyo kukiweka katika chombo chenye matundu ambacho inambidi akisukume ili punje zitoke moja moja.

Mazoezi yana nafasi yake

Mazoezi hulinda misuli, huimarisha viungo na huchangamsha akili, lakini peke yake ni nadra kumpunguza mbwa uzito. Kalori zinazotumika katika nusu saa ya kutembea hurudishwa na vitafunio vichache.

Kwa mbwa mnene, mwanzo unapaswa kuwa wa polepole: matembezi mafupi mara mbili au tatu kwa siku, yakiongezwa dakika chache kila wiki, nyakati za asubuhi au jioni kunapokuwa na ubaridi. Mbwa anayechechemea anaweza kunufaika na kuogelea, kwa kuwa maji hubeba sehemu ya uzito wake. Nafuu haichelewi: utafiti umeonyesha kuwa mbwa wenye ugonjwa wa viungo walianza kuchechemea kidogo baada ya kupunguza asilimia 6 tu ya uzito wao.

Uzito unapogoma

Mbwa apimwe kila baada ya wiki mbili, kwa mizani ile ile. Ni kawaida kwa kupungua kusimama baada ya miezi michache, kwa sababu mwili mdogo hutumia nishati kidogo. Kwanza hukaguliwa iwapo kuna chakula kinachoingia kwa siri. Kisha daktari huweza kupunguza mgawo kidogo.

Hakuna njia ya mkato inayotegemewa. Mwezi Januari mwaka 2007, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa ya kwanza ya unene wa mbwa, iliyoitwa Slentrol. Baadaye dawa hiyo iliondolewa sokoni.

Wajibu wa kisheria

Katika baadhi ya nchi, unene wa mnyama unaweza kumfikisha mwenyewe mahakamani. Sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006, inayotumika England na Wales, humtaka mfugaji ampe mnyama wake mlo unaofaa. Neno hilo halihusu njaa pekee.

Nchini New Zealand, mwaka 2024, mwanamke mmoja wa Auckland alihukumiwa kifungo cha miezi miwili baada ya mbwa wake, Nuggi, kupatikana akiwa na zaidi ya kilo 50, akishindwa kutembea mita chache bila kupumzika. Akiwa chini ya uangalizi wa shirika la kulinda wanyama, Nuggi alipungua karibu kilo 9 katika muda wa miezi miwili, lakini alikufa kutokana na kuvuja damu kwenye ini. Msaada ulikuja akiwa tayari na maradhi mengine.

Baada ya kufika

Kufikia uzito unaolengwa si mwisho wa kazi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool, ambacho kina kliniki ya kupunguza uzito wa wanyama, ulionyesha kuwa karibu nusu ya mbwa waliofanikiwa walinenepa tena. Waliobaki kwenye chakula maalumu walikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kudumu na uzito wao kuliko waliorudishiwa mlo wa zamani.

Kwa hiyo mgawo huongezwa kidogo kidogo, si kwa mkupuo, na mbwa huendelea kupimwa walau mara moja kwa mwezi. Mkono unaopita ubavuni kila wiki ukizitafuta mbavu utagundua mabadiliko mapema, wakati bado ni suala la gramu mia chache na si kilo sita.